Kule Banaume Banapika

Duka la Anaïs, pale Saint-Josse, Brussels, lilikuwa shamba la Rolande. Wengine walikwenda kununua sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa na mafuta ya mawese. Yeye alikwenda kuvuna. Alisimama karibu na friji ya samaki, akajifanya anasoma tarehe kwenye pakiti, huku masikio yakifanya kazi: namna mama mmoja anavyomeza mate kabla ya kumsema mkwewe, namna mwingine anavyomaliza kila sentensi kwa "donc", yaani "kwa hiyo", kisha asiongeze neno, kama mtu aliyefungua mlango akakataa kuingia. Vitu hivyo alivibeba hadi nyumbani, akavijaribu mbele ya kioo cha bafuni, na baada ya majuma kadhaa watu walewale walikuja ukumbini kuvicheka, kila mmoja akidhani anayechekwa ni jirani yake.

Jumamosi hiyo alipoingia, maneno yalikatika kama bomba lililofungwa. Wamama waliokuwa kwenye kaunta waligeuka wakamsalimia, tena vizuri mno, kwa ule uzuri wa watu wanaomsalimia polisi. Mmoja akakumbuka kwamba ameacha mtoto peke yake nyumbani. Mwenzake akamfuata. Aliyebaki alibaki kwa sababu ndizi zake zilikuwa bado hazijapimwa, lakini alianza kuonyesha kwa kidole kile alichotaka badala ya kukitaja.

Rolande akauliza kama kuna msiba.

"Maman Rolande, mi leo siongee," alijibu Anaïs bila kumtazama. "Nikiongea utaniweka mu comédie yako, na miye niko na bwana."

Kisha, mteja wa ndizi alipokwisha kutoka, Anaïs alilegea. Akachukua simu yake, akaiweka juu ya kaunta kama mtu anayeweka panya aliyekufa, na akabonyeza.

Ilitoka sauti ya mwanamke: "Bon, sikia. Kule kwa Mukendi, banaume banapika. Baba mwenyewe anapika kila siku. Na bibi yake anakaa tu mu kiti, haseme kitu. Na ule kijana naye atapika, ni damu." Pakawa na pumzi. "Ndiyo maisha inangojea mutoto wetu."

Hapo ikaisha. Ilikuwa sauti ya Maman Cécile, mama wa kwaya katika misa ya Kiswahili, mwanamke wa Bukavu ambaye akiimba shangilio kanisani hata mapadri wageni hunyoosha shingo. Na kijana aliyesemwa alikuwa Hénock, mtoto wa Papa Mukendi wa mtaa wa Evere, ambaye alikuwa amchumbie rasmi Jémima, binti wa kaka yake Cécile. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa imeshapangwa. Wanawake walikuwa wameshashona vitenge.

Sasa, Mukendi ni mtu wa Lubumbashi. Na Lubumbashi, hasa kwa wazee, ile "g" ya watu wengine huwa ngumu kinywani, hugeuka "k". Kupiga kwao huweza kuwa kupika. Kupika pia ni kupika. Mpaka usikie maneno mengine yaliyofuatana nalo ndipo unajua kama aliyeteseka ni mtu au ni muhogo. Audio ile ilikuwa imefika Evere ikiwa imetanguliwa na mstari mmoja ulioandikwa na mtu asiyejulikana: "Sikilizeni vile banasema shiye tunapika bibi zetu." Aliyesoma mstari huo kwanza, akasikiliza baadaye, hakuweza tena kusikia kitu kingine. Mwanamke anakaa kitini, hasemi. Kijana naye atapiga, ni damu. Papa Mukendi alisimamisha kila kitu.

Na Maman Cécile alipopigiwa simu na kuulizwa, alikana. Anaïs alisema kwamba aliapa mbele ya wamama wote wa kwaya kuwa hajawahi kuwaita akina Mukendi wapigaji wa wanawake. Kisha Cécile akaongeza neno moja tu, na neno hilo lilitosha: "Kuna mutu anajuaka kuniiga kuliko miye mwenyewe."

Rolande alitoka dukani bila kununua kitu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba mzaha huo wa kupika ulikuwa wake. Kwa miaka alikuwa akiigiza na Doudou, mtu wa Lubumbashi, katika kumbi za arusi na sherehe za parokia. Kipande chao kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa kile ambacho Doudou anajifanya shangazi wa bibi arusi, analia kwamba bwana "alimupika mutoto yetu," na Rolande, akiwa Maman Cécile, anaweka mkoba magotini, anainamisha kichwa na kuuliza kwa huruma kubwa: "Na mafuta gani?" Swali hilo lilikuwa limeangusha viti. Watoto waliozaliwa Brussels, ambao Kiswahili chao ni cha kuomba ruhusa tu, walilijua. Kwa hiyo aliyesikia audio alihesabu haraka: sauti ni ile anayoigiza Rolande, mzaha ni ule wa Rolande. Kungekuwa na shahidi gani tena?

Rolande alikulia Kadutu, Bukavu, katika nyumba yenye watu wengi kuliko vitanda, na alijifunza mapema kwamba mtoto anayemchekesha bibi hafukuzwi karibu na moto. Vita vilipowatawanya, kuiga ndiko kulikobaki mfukoni. Katika kituo cha wakimbizi alimwiga afisa aliyekuwa akiuliza jambo lilelile kwa namna tatu, na wanawake waliokuwa hawajacheka tangu mpakani walicheka mpaka wakalia. Sasa alikuwa na miaka arobaini na kitu, na mchana aliosha na kuvika wazee katika nyumba ya wazee huko Koekelberg, ambako kuba la Basilika linaonekana kutoka kila dirisha hadi mtu analichoka. Hata pale alisikiliza. Wazee wa Kibelgiji walikuwa wakisema naye kana kwamba ni kiti chenye mikono, na watu hawajifichi mbele ya kiti.

Vijana waliotaka kujifunza kazi aliwaambia kwamba kuiga si koo. Koo ni la kasuku. Tafuta mahali mtu anapopumua. Mtu anaweza kuficha anachofikiri, anaweza kubadili lafudhi akiwa na Wazungu, lakini pumzi huja pale inapotaka, na pale ndipo alipo mwenyewe. Maman Cécile, kwa mfano, hupumua kabla ya sentensi ya mwisho. Hushusha pumzi ndefu, kama mtu anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani, ndipo hutoa hukumu. Rolande aliipata pumzi hiyo baada ya kukaa nyuma yake kanisani kwa mwaka mzima. Na Cécile mwenyewe, wakati ule, alikuwa anakaa mstari wa mbele, anacheka hadi kilemba kinahama, na baada ya onyesho anamfuata kumsahihisha: yeye hashiki mkoba vile, anaushika hivi.

Lakini kicheko ni mkopo wa watu. Walimwachia Rolande vinywa vyao kwa sababu waliamini kwamba anachukua sauti tu, hachukui neno. Wakiamini kwamba anaweza kumtia mtu neno ambalo hakulisema, likatembea duniani na kuvunja arusi, watanyamaza mbele yake. Wameshaanza. Na mwigaji ambaye watu wananyamaza mbele yake ni mvuvi aliyekaushiwa ziwa.

Akaanza kutafuta ni nani. Mtu anayeshukiwa hushuku haraka kuliko wengine, na wa kwanza kumjia akilini alikuwa Doudou. Doudou alirekodi mazoezi yao yote kwa simu, eti wasisahau mazuri yaliyojitokeza. Alikuwa dereva wa gari la vifurushi, na Rolande alimkuta Jumatatu akiwa ameegesha kando ya barabara, anakula mkate kwenye usukani.

"Ile audio imetoka kwako?" alimuuliza, kabla hata ya kufunga mlango.

Doudou aliacha kutafuna. "Kwangu? Batu ya kwetu njo banatukanwa, kisha mi mwenyewe nitume?"

"Simu yako imejaa sauti yangu."

"Njo, imejaa. Sikiliza basi yote. Ukikuta hii ndani, unipike."

Neno lilibaki likining'inia ndani ya gari. Wote wawili walijua ni kupika kupi, na siku nyingine wangelichukua hilo, wangelipanga, wangelipeleka jukwaani. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kisha Doudou alimwomba jambo. Akina Mukendi wameita kikao Jumapili alasiri, nyumbani kwao Evere, pande zote mbili. Wamesema Rolande aje. Kwa nini asiseme tu kwamba ni yeye? Ni mzaha wa mazoezi, uliponyoka, anaomba radhi. Watamkemea kidogo, halafu watacheka, na Jémima ataolewa.

"Na kama ukisema haiko weye," alisema Doudou, "basi Maman Cécile ni mwongo. Utaenda kuita mama wa kwaya mwongo, mbele ya bakwe?"

Alisema sawa, na ndiyo maana Rolande alimshuku zaidi. Ushauri mzuri mno unaotolewa haraka mno una jambo nyuma yake. Hata hivyo alijitumia rekodi zote kutoka kwenye simu ya Doudou, akasikiliza mazoezi yote waliyokuwa nayo, siku baada ya siku, kwenye basi, jikoni, akiwa anakunja mashuka ya wazee. Maneno yale hayakuwamo.

Basi akabaki na mshukiwa wa mwisho, aliyekuwa mbaya kuliko wote. Katika mazoezi, akishaingia ndani ya mtu, Rolande alisema mambo ambayo kesho yake hakuyakumbuka. Huo ndio uliokuwa uzuri wa kazi hiyo: mdomo unatangulia, wewe unafuata nyuma ukiokota. Alishawahi kusimuliwa na Doudou kichekesho akakicheka kama mgeni, kumbe ni chake. Je, kama alisema haya mbele ya mtu, siku fulani, kwenye arusi fulani, na mtu yule alikuwa na simu? Aliirudia audio hadi maneno yakapoteza maana. Alikuwa anasikiliza sauti na hawezi kuapa kwamba si yake. Kwa mara ya kwanza aliogopa ufundi wake, kama mtu anayegundua kwamba hutembea usingizini.

Ilikuwa kwenye tramu, Alhamisi, ndipo aliposikia pumzi.

Alikuwa ameacha kusikiliza maneno. Kabla ya ile sentensi ya mwisho, "Ndiyo maisha inangojea mutoto wetu," palikuwa na pumzi, kama kawaida ya Cécile. Ila hii haikushushwa. Ilivutwa ndani, polepole, ikashikwa kidogo, kama ya mtu anayepita mbele ya dirisha la jirani wakati wa chakula. Rolande hakuwahi kuigiza pumzi hiyo. Hakujua hata kama Cécile anayo. Hakuna mwigaji anayeweza kuiba kitu ambacho hajakiona.

Si mimi, alijiambia kwa faraja. Ni yeye mwenyewe.

Lakini faraja haikufika kituo kilichofuata. Mwanamke anayemhurumia mtoto wa kaka yake, anayeona fimbo zinamngoja, anavutaje pumzi ya mtu anayetamani?

Alimpigia Cécile simu. Mara ya kwanza haikupokelewa, wala ya pili. Ilipopokelewa, Cécile alisema naye kwa Kiswahili cha kusoma matangazo ya misa, kila neno limepigwa pasi.

"Rolande, mwanangu, mbele ya Mungu, maneno yale mimi sikuyasema."

Rolande akauliza kama ana hakika. Ana hakika. Akauliza kama ameisikiliza audio. Cécile akasema kuna sufuria motoni, na akakata. Baadaye tu, akiwa anavua koti, Rolande aliona kilichokosekana. Cécile alikana maneno. Sauti hakuikana.

Jumapili alipanda basi kwenda Evere akiwa amevaa kitenge cha heshima na hana alichoamua. Nyumba ya Mukendi ilikuwa ghorofa ya nne katika jengo la familia, na sebule ilikuwa imeshajaa: upande wa Kivu, watu wa Jémima, kwenye makochi, upande wa Katanga, watu wa Mukendi, kwenye viti vya plastiki walivyoazima kwa jirani, katikati meza yenye chupa za soda ambazo hakuna aliyezifungua. Jémima alikuwa ameketi mwisho kabisa, macho mekundu, hamtazami mtu. Hénock alikuwa amesimama mlangoni. Doudou alikuwapo. Maman Cécile alikuwa ameshika mkoba magotini vilevile anavyoushika. Rolande alipoingia, aliona mikono kadhaa ikigeuza simu kifudifudi.

Aliyekuwa akisema kwa niaba ya familia alikuwa Maman Mauwa, dada mkubwa wa Mukendi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alisema Papa Mukendi anakuja, wamngoje. Wakamngoja. Hakuna kitu kigumu kwa mchekeshaji kama chumba kilichojaa watu wanaongoja na kukunja uso. Rolande akaomba maji ya kunawa mikono, akaelekezwa mwisho wa korido, na akakosea mlango.

Ilikuwa jikoni. Papa Mukendi, mtu mrefu mwenye mvi, alikuwa amefunga kitambaa kiunoni juu ya suruali ya suti. Sufuria nne zilikuwa motoni. Alikuwa anaonja mchuzi wa samaki kwa mgongo wa kijiko, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza. Kwenye kiti karibu na dirisha aliketi mke wake, vidole vya mikono yote miwili vimevimba kwenye viungo na kupinda, vimelazwa magotini kama vitu vya mtu mwingine. Alikuwa anamtazama bwana wake akipika. Hasemi kitu.

Rolande alisimama mlangoni na audio nzima ikapita mbele yake, neno kwa neno, ikiwa na macho na moshi.

Papa Mukendi alimwona akashtuka, akaanza kufungua kitambaa. "Maman Rolande. Hii umekuta huku, haitoke humu. Tunaelewana? Toka mikono ya bibi yangu iligonjwa, njo vile. Lakini batu ya kwetu habajue. Dada yangu anazani mutoto yetu mwanamuke njo anapika."

"Papa," alisema Rolande, "ile audio inasema nini?"

"Si unajua. Inasema tunapika banamuke."

"Haiseme banamuke, Papa. Inasema munapika."

Mukendi alimtazama. Kisha akatazama kijiko kilichokuwa mkononi mwake, kana kwamba kimewekwa pale na adui.

Aliyecheka wa kwanza alikuwa mwanamke wa kitini. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, na akajaribu kujifuta macho kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole havikukunjika. "Baba Hénock," alisema, "si unapika kweli. Kila siku."

Mukendi hakucheka. Alikuwa akipima mambo mawili, na Rolande aliona usoni mwake kwamba hayakuwa na uzito uliotofautiana sana: kuitwa mtu anayempiga mkewe, au kuonekana na dada zake akiwa na kitambaa kiunoni. Mwishowe akakifunga tena, kwa nguvu zaidi. Akatoka hivyohivyo na kijiko chake, akasimama katikati ya sebule na kusema kwamba ni kweli, yeye anapika. Samaki, ugali wa bukari, sombe, vyote. Na Hénock, yeye mwenyewe ndiye anayemfundisha. Aliyesema kwamba kule banaume banapika alisema ukweli, na mwenye kukataa aje aonje.

Ilichukua muda. Maman Mauwa alimtazama kaka yake kutoka kichwani hadi kwenye kitambaa. Mtu wa upande wa Kivu akasema polepole, "Kupika... ya kupika?" na kijana mmoja akamjibu, "Ya mafuta." Hapo chumba kikapasuka. Jémima alijifunika uso kwa mikono akicheka na kulia, na kumbe yeye ndiye aliyekuwa amemsimulia shangazi yake, kwa fahari, kwamba kwa bakwe zake baba ndiye mpishi; ila naye mstari ule ulikuwa umemziba masikio.

Soda zikafunguliwa. Ilikuwa arusi tena. Rolande alikuwa ameegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile mabega yake yalishuka. Ndipo Maman Mauwa akainua mkono.

"Bon, bimeisha, ni muzuri. Lakini nani njo alisema?"

Maman Cécile alisimama. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema kwamba ni yeye. Alimtumia mdogo wake aliye Bukavu ile audio, na kutoka huko imezunguka hadi imerudi. Walipompigia simu na kumwambia ameita watu wapigaji, alikana kwa sababu kweli hakusema hivyo. Na aliposikia sauti yake siku ya pili, alikuwa ameshaapa mbele ya kwaya. Hakujua njia ya kurudi. Miaka yote amepika yeye, alisema, mume hajui hata chumvi inakaa wapi. Alikuwa anamwonea Jémima wivu.

Alisema yote hayo akiwa ameangalia zulia, kwa sauti ndogo iliyopigwa pasi, na Rolande alimwonea huruma, na wakati huohuo alihisi mlango wa shamba lake ukifunguka. Sasa watajua.

Maman Mauwa alikuwa anatikisa kichwa kwa mapenzi. "Maman Cécile, uko na roho nzuri. Unafunika mwenzako. Lakini shiye tuko na masikio. Bon, sema basi vile ulisema, tusikie."

Cécile akasema. Kwa aibu akayatoa maneno kama anayesoma waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho. Hakupumua hata mara moja. Watu wakaguna. Haifanani, walisema, hata kidogo. Sio yeye.

"Rolande naye aseme," akasema mtu.

Rolande akamwona Doudou anamtazama kutoka ukuta wa pili, na macho yake yalikuwa wazi: vibaya. Sema vibaya. Hilo tu ndilo lililobaki. Aseme ovyo, kama mtu asiyejua, nao watageuka kwa Cécile, na Jumamosi ijayo kule dukani mama fulani atamsema mkwewe mbele ya friji ya samaki bila kugeuza shingo. Kwa mwigizaji, kuigiza vibaya kwa makusudi ni kazi kama kazi nyingine. Alishaifanya jukwaani.

Akajiweka wima. "Bon, sikia," alianza, kwa sauti ya mtu yeyote. "Kule kwa Mukendi, banaume banapika." Ilikuwa mbovu. Aliipeleka juu mno, akaiachia ikaanguka. "Baba mwenyewe anapika kila siku."

Chumba kikapoa. Aliona kinapoa. Nyuso zilizokuwa zimeng'aa zilianza kulegea kwenye pembe za midomo, mtu akatafuta kifuniko cha soda yake, na ule ukimya ukaja, si wa hofu, ule mwingine, ukimya wa watu walioacha kukungoja. Rolande aliujua tangu Kadutu. Ulimpanda kutoka miguuni. Mkono wake ulikuwa umeshaweka mkoba usiokuwapo juu ya goti lisilokuwapo. Kichwa kiliinama. "Na bibi yake anakaa tu mu kiti, haseme kitu," alisema Maman Cécile kwa kinywa chake, "na ule kijana naye atapika, ni damu," na kabla ya sentensi ya mwisho pumzi ilikuja yenyewe, ile mpya, ikavutwa polepole, ikashikwa, ikanusa dirisha la jirani. "Ndiyo maisha inangojea mutoto wetu."

Viti vya plastiki viliserereka. Mukendi alipiga kijiko mezani. Jémima alikuwa amelala begani kwa Hénock anapiga kelele za furaha, na watu walisema, ni yeye, si ni yeye, usikatae tena, mama, umesamehewa. Hata Maman Cécile alicheka, kwa kuchelewa, mkono kifuani, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika nchi ya kigeni.

Maman Mauwa alicheka kuliko wote. Alimsogelea Rolande, akamshika bega, akaanza kumweleza jambo fulani kuhusu mke wa mtoto wake, jambo lenye utamu, lilikuwa limeshafika ulimini. Kisha macho yao yakakutana. Akafunika mdomo kwa kiganja, akamwambia aende kuonja samaki.